Mshiriki Namba Kumi na Saba

Mwaka wa kwanza tulikuwa na majina thelathini na mmoja,
wengi wao wa msimu: tawi bichi, mvua ya alfajiri,
kamba iliyofungwa na mwenye haraka.
Mmoja kisima. Wawili vespa, njia ya Konde.
Mwaka huu, wa tisa, nimeshuka Mtambwe
na karatasi yenye kumi na wawili.

Waliokosekana wana msimbo wao, tisa-tisa: hapatikani.
Msimbo hausemi
kidonda cha kulalia kilichofika mfupani,
wala mkojo uliorudi nyuma ukaziua figo,
wala Riziki binti Ussi, aliyehamia Tanga kwa shangaziye
akaniachia ujumbe kwa mwenye duka:
mwambieni nipo.

Kombo Ngwali yumo barazani, kitini,
gurudumu la kushoto limevishwa mpira wa baiskeli.
Mkewe, Mize, kamwaga karafuu mbichi juu ya jamvi.
Wanachambua wote wawili, makonyo huku, karafuu kule,
vidole havitazamwi.

Natoa pamba. Natoa pini.
Fumba macho.
Naanzia begani, nashuka ubavu kwa ubavu
kama anayeteremka ngazi gizani.
Hapa? Nahisi.
Hapa? Nahisi.
Hapa?
Chini ya kitovu nyumba haina mtu.

Mwaka wa saba alisema nahisi, gotini.
Mkono ulinitetemeka. Nikarudia.
Nikarudia tena, safari hii pini iko hewani, sijamgusa.
Nahisi, akasema.
Kombo!
Akafumbua macho, akacheka:
Nimekuonea imani. Miaka saba
unabisha hodi mlango ule ule.

Leo tumefika ukurasa wa sita.
Kwa jumla, maisha yako,
kuanzia moja hadi kumi, unayapa ngapi?
Anaweka konyo chini, anasafisha koo:

    Ule mti kuupanda, sikutumwa na mwenzangu,
    Na tawi lilipopinda, lilikuwa fungu langu,
    Miguu imenishinda, bali si ulimi wangu,
    Kumi ni nyingi, mwanangu, andika sita na nusu.

Fomu haipokei nusu. Naandika sita.

Sasa dodoso langu, anasema. Unadhani ni wewe tu unayefuatilia?
Mwaka wa kwanza ulikuja na viatu vya kisigino,
vikazama topeni pale penye mfereji.
Wa tatu, hina mpaka viwikoni.
Wa tano ulikuja na tumbo,
ukakataa kiti, ukaegemea nguzo hii.
Wa sita tumbo halikuwepo
na mtoto hukumtaja.
Ulikosea tarehe mara mbili, ukaifuta kwa mate.
Nikasema, huyu namwacha, nitamuuliza mwakani.
Wa saba ukaja vile vile.
Nikaona bora nikupe kitu.
Sikuwa na kitu. Nikakupa goti.

Mize kaacha kuchambua.
Jamvi zima linanuka ule ukali wa mbichi
unaoingia machoni.
Kuku kapita katikati ya karafuu, hakuna aliyemfukuza.

Alikuwa wa kike, nikasema.
Ana jina?
Nikalitaja.
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na fomu mapajani,
na hakuna mahali pa kuliandika.
Kombo akalirudia mara moja, polepole,
kama mchumaji anavyolijaribu tawi kwa mguu
kabla ya kulipa uzito wake.

Halafu tukaenda ukurasa wa saba:
kibofu, choo, usingizi.